Uani Hakuna Jua, Nyuki Wana Njaa

Jumatatu, 6 Mei
Saa mbili asubuhi. Kiti mbele ya mzinga, dakika tano kwa saa ya mkono. Nyuki walioingia: arubaini na mmoja. Wiki jana, hamsini na wanane. Si mvua, leo hainyeshi. Ni ghorofa la jirani yangu Twalib. Tangu afikishe orofa ya nne, jua linaingia uani kwangu saa sita, na saa saba na dakika ishirini limekwisha. Alizeti zimerefuka kama vijiti, ua hakuna. Nimemwambia. Akacheka: "Kivuli cha bure hicho, Mama Kadzo. Wenzio wananunua miavuli." Miaka ishirini na sita nimehesabu mizigo bandarini ndipo nikapata nyumba hii mtaa wa Tudor. Hakunipa mtu.

Alhamisi, 9 Mei
Thelathini na watatu. Nimekwenda kwa muuza miche. Nataka maua yasiyodai jua, nikamwambia, na nyuki wayale. "Maua ni maua, mama." Nimechukua makopo manane ya maua mekundu, yamejaa petali. Kupata nafasi, nimeng'oa magugu yote chini ya ukuta. Talakushe, mboga ya porini tuliyolelewa nayo Kaloleni kwa kuwa hatukuwa na nyingine. Niliapa haitaota kwangu. Imekwenda na taka.

Jumapili, 12 Mei
Kumi na tisa. Saa nzima mbele ya maua mapya. Sufuri. Petali zimebanana kama kabichi, nyuki hana pa kuingilia. Naogopa.

Jumatatu, 13 Mei
Nimempigia simu ndugu yangu Kahindi. Ndiye aliyenipa hawa nyuki wadogo wasiouma. Akaniuliza: "Dada, umeng'oa chakula chao? Talakushe ndiyo inayochanua kivulini." Mimi niliyehesabu kila kitu sikuhesabu walichokula. Nikauliza kama watahama. Malkia wao hawezi kuruka, kasema. Watafia humo humo. Atakuja tarehe 26 auchukue mzinga aupeleke kwake, kama bado wapo.

Jumanne, 14 Mei
Kumi na wawili.

Jumatano, 15 Mei
Talakushe imejaa upande wa pili wa ukuta. Kwa Twalib. Nimepiga hodi nikingoja kejeli, nayo ikaja: "Ghorofa langu hulitaki, Mama Kadzo, magugu yake wayataka?" Nikasema ndiyo. Akashika jembe, akachimba mwenyewe, mizizi na udongo wake, makarai matatu. Nimeipanda kivulini kote. Pale jua linapopita nimeweka mrehani. Twalib sijamsamehe. Makarai yake nimeyarudisha yameoshwa.

Jumatatu, 20 Mei
Kumi na mmoja. Majani ya talakushe yamelala chini. Nimechelewa, basi. Ningemwachia Kahindi nyuki wake tangu mwanzo.

Alhamisi, 23 Mei
Ua moja, jeupe, dogo kuliko ukucha. Kumi na wanne. Sikuamini, nikahesabu tena dakika tano nyingine. Kumi na wanne.

Jumapili, 26 Mei
Kahindi amekuja na kamba na gunia. Akaunyanyua mzinga kidogo, akaupima uzito kwa mikono, akatega sikio. Akaurudisha pale pale. Mimi nilikuwa nimeshika mlango. Tumekunywa chai uani, tukazungumza habari za mahindi ya kwao. Ameondoka saa tisa, gunia tupu kwapani.

Nimevuta kiti. Ishirini na mmoja.