Waya wa Hadjara

Baba Jovita,

Muhogo uko kwenye maji, usiuguse mpaka kesho. Mutoto nimemupeleka kwa dada yangu Agata. ~~Maharage yako kwenye sufuria, pasha moto.~~ Utapika mwenyewe. Leo sina mukono wa kukupakulia.

Asubuhi, ukiwa bado Minago, upepo wa ziwa umeng'oa paa la Hadjara, la ile nyumba uliyomujengea baada ya mvua kubomoa ya kwanza. Bati limemuchana bega, yuko dispanseri. Nilienda kusaidia kuokota mabati, nikatazama miti juu ya ukuta. Hakuna hata mumoja uliofungwa kwa waya. Misumari tu. Na wewe ndiye unayefundisha watu kufunga paa.

Mudogo wake Shafii akaniambia, "Dada alinunua roli nzima ya waya, akamupa fundi mukononi."

Waya huo naujua. Ndio uliozungushia banda letu la kuku. Nilikusifu kwa banda hilo mbele ya wanawake wa soko.

Waya nimeukata wote, naupeleka kwao. Kuku wako jikoni, uwape maji.

Usije na pole, wala usiseme ni mapenzi ya Mungu. Njoo na nyundo na ngazi. Shafii akiniuliza waya ulikuwa wapi, nitamuambia. Hadjara utamuambia wewe mwenyewe, ukiangalia lile bega.

Mama Jovita