Moshi Umepungua, Mrudishe Mtoto

Binti yangu,

Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanalalamika. Fundi cherehani jirani ndiye anayeniandikia, na nimemwonya asipunguze ukali wa maneno yangu.

Kodi ya dizeli imepanda. Mashine yangu ya kusaga nafaka naiwasha siku ya soko tu, maana wateja wamekimbia bei. Niliwatukana waliopandisha mpaka koo likakauka. Lakini malori nayo yamepungua hapa barabarani, na nikifuta dirisha kitambaa hakitoki cheusi. Hata fundi haamki tena na kikohozi.

Sasa nasikia mjukuu wangu, uliyemtoa hapa kwangu ukamhamishia kwa mama mkwe wako kwa sababu moshi ulimbana kifua, anamwita yule "bibi", na mimi "bibi wa moshi". Wivu umenishika, sikufichi. Yeye ndiye anamwogesha na kumbembeleza, na mtoto nilimpokea mimi alipozaliwa!

Fundi ananichokoza: "Bibi wee, kodi ikishuka utawasha tena." Nimemwambia aandike hivi: mashine nimeiuza leo asubuhi. Nitakula kidogo. Mlete mtoto.

Ni mimi mama yako, na mkweo asinitumie salamu.