Nyika Hulimwa, Hailalwi

Kijiji cha Ujamaa Kwekibungo,
Bondeni, chini ya Mlalo.
10 Machi 1974

Kwa mdogo wangu Dorkasi, lumbu wangu, dada yangu wa pekee,

Onga mshi? Najua unaniitikia umeinama viazini, kwa hiyo sitakudai uitikie mara mbili. Mimi mzima, mke wangu Marta mzima, hata mbuzi wa jirani mzima, na sasa hivi anakula shati langu lililoanikwa. Mama hajambo? Kikohozi je? Mwambie kwa Kishambaa, maana Kiswahili anakiita lugha ya makarani, kwamba mwanawe Sefania amekuwa mwenyekiti wa kijiji. Kura zote! Aliyenyoosha mkono kukataa ni mmoja tu, na baadaye tuligundua kwamba si mwenzetu, alipita kununua mkaa.

Dorkasi, ungekiona kijiji changu. Huko mlimani watu wanarithi mstari mmoja wa migomba na kuugombania mpaka kanisani. Huku unasimama mlangoni, macho yanachoka kabla ardhi haijaisha. Tuko Washambaa, Wapare, Wazigua, Wakamba, na Mmakonde mmoja aliyebaki tangu mashamba ya mkonge yalipopunguza watu. Bila mimi wasingeelewana hata kuombana chumvi. Mimi nasema lugha saba, na ya nane, Kiingereza, naisema nikikasirika. Darasa la nne la misheni lilinipa herufi. Yaliyobaki niliyasomea juu ya lori, utingo miaka kumi na mmoja, Tanga mpaka Nairobi.

Sasa nikuambie kilichonichoma. Wiki iliyopita bwana mkubwa wa wilayani alifika jioni bila taarifa. Akakuta nyumba mpya arobaini na moja, na watu sita. Wengine wote, pamoja na mume wako Nathanaeli, walikuwa wamepanda kulala kwenye vibanda vya juu, ukingoni mwa mlima, kama walivyofanya babu zao. Bwana mkubwa akazunguka, akachungulia vitanda vitupu, akaniambia, "Mwenyekiti, hiki si kijiji. Hili ni shamba lenye mabanda." Nililimeza neno hilo kama mwiba wa samaki. Akasema watu wakianza kulala hapa tutaandikishwa, tutaletewa pampu ya maji na zahanati. Wasipolala, hakuna.

Basi nimetoa amri. Kila jioni nagonga chuma, naita majina, na hakuna kupanda mpaka Jumamosi asubuhi. Nathanaeli amenuna kidogo. Lakini ni shemeji yangu, nimemtania mpaka akacheka. Ndiye anayekuletea barua hii.

Kaka yako, lumbu wako,
Sefania, Mwenyekiti


Mlalo,
24 Machi 1974

Kaka Sefania,

Shikamoo. Barua yako imefika imelowa jasho la aliyeileta, lakini nimeisoma yote. Sisi wazima. Kikohozi cha mama kinakuja na ukungu na kuondoka na jua. Mtoto wetu Rahabu ameota meno mawili na ameshaning'ata. Marta msalimie sana.

Mama nimemsomea kwa Kishambaa. Penye mbuzi alicheka. Penye kulala hakucheka. Akasema, "Nyika hulimwa, hailalwi. Mwulize Sefania baba yake alilala wapi." Nami nakuuliza, kaka. Baba alilima huko miaka thelathini. Kila siku jua likielekea kuzama alitia jembe begani akapanda, saa moja na nusu, mpaka ukingoni penye upepo. Hata mpunga ulipokuwa unaliwa na ndege, hakulala bondeni. Hakuwa mvivu, unajua. Sisi watu wa baridi, homa ya huko haitujui, na ikitujua haituachi.

Naomba jambo moja tu. Mwache Nathanaeli alale ukingoni. Atashuka alfajiri, chuma kikilia atakuwa ameshalima matuta mawili. Huna haja ya kumtangazia mtu.

Nimempa Nathanaeli mshunga wa mboga uliokaushwa awaletee. Marta anajua kuupika usiwe mchungu.

Mdogo wako, lumbu wako,
Dorkasi


Kwekibungo,
2 Aprili 1974

Mdogo wangu Dorkasi,

Marahaba, marahaba. Mshunga tumeula, uchungu wake ulinikumbusha Mchungaji aliyenichapa nilipoiba mapera ya misheni. Sisi tunaendelea. Mvua imechelewa, lakini mahindi yamechomoza, yamesimama kama askari wasiolipwa.

Ombi lako nimelisoma mara tatu, mara ya tatu nimesimama. Dorkasi, nikimwachia shemeji yangu apande, kesho Mpare atakuja mlangoni: "Mwenyekiti, mbona yule?" Nitamjibu nini? Kwamba ujamaa ni kwa wasio na dada? Miaka yote tuliona wakubwa wakipendelea ndugu zao. Nimeapa kwamba mimi sitakuwa hivyo, na wa kwanza kupimwa kwa kiapo changu amekuwa mume wako. Niombee, usinikasirikie.

Na huku kulala siyo kufa! Mimi nimelala Voi chini ya lori, simba anakoroma upande wa pili wa tairi. Nimelala Mombasa kwenye mbu wakubwa wanaohitaji leseni. Niko hapa, nanenepa. Tunachoma mavi ya ng'ombe jioni, mbu wenyewe wanakohoa. Ni kweli mzee Nikodemo amefariki, lakini alikuwa mzee. Na wale watoto wawili wa Wakamba walikuja wakiwa dhaifu tangu kwao. Zahanati ikifunguliwa, klorokwini zitakuja kwa gunia.

Bwana mkubwa alirudi juzi jioni. Nikagonga chuma, wakatoka watu mia moja na tisini! Akatoa kalamu akaandika jina la Kwekibungo kwa wino. Kwa wino, Dorkasi. Nilitamani baba angekuwepo aone.

Kaka yako, lumbu wako,
Sefania


Mlalo,
5 Mei 1974

Kaka,

Shikamoo. Sisi hatujambo, isipokuwa huyo uliye naye.

Nathanaeli alifika jana Jumamosi jua likizama. Njia aliyokuwa anaipanda kwa nusu siku, safari hii imemla siku nzima. Nilimwona toka kwenye kahawa, nikadhani ni mgeni mzee. Usiku ametetemeka mpaka kitanda kikasogea. Mama amemfukiza majani, nimemfunika blanketi tatu, bado anasema nifunge mlango nao umefungwa. Macho yake yamekuwa ya njano.

Leo asubuhi amesema anashuka. Nikamshika shati. Nikamwambia, "Baki, mimi nitamwandikia kaka." Unajua alinijibu nini? "Mke wangu, fimbo ya mgambo naiweza. Mdomo wa Sefania siuwezi. Akiita jina langu nisiitike, nitakuwa wimbo wa kijiji mpaka Krismasi. Na nikimkasirikia shemeji yangu kwa utani, mtu mzima mimi, nitaonekanaje?" Akacheka. Akaenda. Nilimtazama mpaka kwenye kona ya mikaratusi, akakaa chini mara mbili.

Kaka, sikuombi upendeleo. Wape ruhusa wote. Mpare apande, Mkamba apande, huyo Mmakonde pia nitampikia ugali wa bada. Hao waliokuandika kwa wino hawalali huko.

Bakari wa viazi anashuka gulioni kesho, ataileta barua hii mkononi mwako. Mpe jibu papo hapo, hata mstari mmoja.

Mdogo wako,
Dorkasi


Kwekibungo,
18 Mei 1974

Dorkasi mdogo wangu,

Salamu kwenu. Barua yako Bakari aliileta. Sikujibu, kazi zilikuwa nyingi. Ninakuandikia upesi, Bakari anangoja kwenye lori.

Nathanaeli hayuko vizuri sana. Amelala kwangu, Marta anamwuguza. Tumemtafutia vidonge vinne kwa mwalimu wa kisomo. Usije, njia ni mbaya na unanyonyesha. Yeye ni mgumu, unamjua. Kesho pengine atakuwa anakula.

Kaka yako,
Sefania


Mlalo,
30 Juni 1974

Kaka,

Shikamoo. Mama hajambo. Rahabu hajambo. Mimi nipo.

Sikukuandikia tangu mazishi ya Nathanaeli kwa sababu kila nikianza, maneno yanajiandika ya hasira, na mama anasema barua ya hasira isitumwe mpaka ilale. Hii imelala wiki sita.

Nakushukuru kwa kumleta juu. Ulishika mbele ya machela kutoka bondeni mpaka kwenye migomba yetu, hukukubali kupokewa, niliona mabega yako. Sikukusikia ukisema neno. Mama alininong'oneza kaburini, "Sefania naye amekufa?" Ndivyo ulivyokuwa.

Wanaume ishirini na wanane walipanda na machela ile. Nimehesabu kwa sababu niliwapikia. Jioni ile hakuna aliyeshuka. Walilala hapa na ukingoni, na kesho yake waliwatuma wengine kwenda kuchukua wake zao na sufuria. Wewe peke yako ulirudi. Nilikuona ukishuka kabla watu hawajamaliza kunawa mikono.

Sasa kuna neno. Mika, yule kijana wa Sefu fundi aliyekuwa mgambo wako, yuko hapa sasa. Jana nilimkuta kisimani. Nikamwuliza mume wangu alipatwaje siku zile za mwisho. Akaangalia chini. Akasema, "Mama Rahabu, mimi sikumgusa. Hakuna aliyemgusa. Mwulize mwenyekiti habari ya Alhamisi." Akaiacha ndoo yake pale pale.

Nakuuliza, kaka. Alhamisi kulikuwa na nini?

Mdogo wako,
Dorkasi


Kwekibungo,
14 Julai 1974

Dorkasi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi sina homa.

Nimeanza kuiandika mara nyingi. Kila mara nilianza na mchezo, nikachana. Nitakueleza kama ilivyokuwa.

Ilikuwa Alhamisi, jua limekaa juu ya ukingo. Nilikuwa nimegonga chuma, watu wamejaa uwanjani, naita majina. Nikafika kwake. "Nathanaeli Shekiondo!" Kimya. Nikaita tena. Mwanamke mmoja akasema, "Yule pale anapanda." Kweli, nikamwona njiani. Amejifunika blanketi jeupe toka kichwani, anatoka mti huu anashika mti ule. Hakuwa mbali, Dorkasi. Hatua mia moja. Nilijua anaumwa. Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu siku ya kumi.

Mgambo walinitazama. Mika akauliza, "Tumfuate?" Nikasema, "Acheni, yule ni shemeji yangu, nitamrudisha kwa mdomo." Nilijisikia mwema kwa kusema hivyo. Wenyeviti wengine wanatumia fimbo, mimi nilijivunia kwamba sijawahi kuinua hata ufito.

Nikapaza sauti: "Jamani! Njooni muone! Bibi harusi anarudi kwao! Siku ya kwanza tu bwana amemshinda! Mpigieni vigelegele jamani!"

Kwa sababu ya lile blanketi, unaelewa. Lilikuwa kama shela.

Wanawake wakapiga vigelegele. Watu wote wakacheka, Wapare, Wazigua, Wakamba, Mmakonde akashika mbavu. Toka kijiji kianze, ile ndiyo siku moja ambayo sikuhitaji kumtafsiria mtu.

Nathanaeli alisimama. Sikuona uso wake. Kisha mabega yakaanza kutikisika, nikadhani ni baridi, kumbe naye anacheka. Utani wa shemeji haukasirikiwi, yeye alijua na mimi nilijua. Akageuka. Alishuka polepole mpaka uwanjani, watu wakampisha njia bado wanapiga vigelegele. Akafika mbele yangu, meno yanagongana, akasema, "Mwenyekiti, bibi harusi amerudi. Mwandike." Nikamwandika. Akakaa chini pale pale na hakuweza kuinuka, tukambeba mpaka kwangu. Ijumaa alikuwa anaongea na marehemu baba yake. Jumapili ulimpokea.

Ningenyamaza tu, angefika ukingoni. Sisemi angepona. Nasema angefika.

Nilirudi bondeni siku ya mazishi kwa sababu niliona watu wale wote wanataka kunifariji, na hakuna aliyekuwa amekuambia. Tumebaki kaya tatu. Hakuna aliyekuja tena kutoka wilayani. Chuma nimekiangusha.

Marta ameshikwa tangu Jumatano. Anatetemeka kama alivyotetemeka yeye. Ana mimba ya miezi mitano, hatukuwa tumewaambia. Yeye hakumcheka Nathanaeli siku ile, alikuwa ndani anapika. Anaomba kupandishwa. Siwezi kumleta nyumbani kwako bila neno lako, na siwezi kukuomba neno hilo. Basi nimekuandikia tu kwamba anaumwa.

Kaka yako,
Sefania


Mlalo,
17 Julai 1974

Sefania,

Barua imefika leo saa nne. Mama sijamsomea, na sitamsomea.

Mtoe Marta kwenye nyumba hiyo mara Bakari akikupa karatasi hii. Usingoje kesho. Bakari atakusaidia kumbeba, nimemlipa viazi. Mimi na Mika tutakuwa ukingoni, kwenye kibanda cha baba, na machela na blanketi. Tutampokea hapo. Mtoto akizaliwa nitamlea na Rahabu.

Ukimkabidhi, geuka. Usivuke kibanda. Mama akiuliza, nitamwambia una kazi.

Dorkasi, mke wa Nathanaeli