Mikono ya Nyambura Bandarini

Mama yetu wa Kinoo,

Sasa hivi tu wajina wako, mjukuu wako Nyambura, amenichekesha mpaka machozi. Meli imesimama kwa bandari ndogo huku Norwe, na baridi yake ni ile ya Kinoo mwezi wa saba. Tumeshuka, tukakuta shosho mmoja mzungu, bibi kizee wa kitambaa kichwani, anauza stroberi. Nyambura akamkimbilia, akamkingia viganja vyote viwili, akangoja atemewe mate ya baraka, vile ulikuwa ukimfanyia kila asubuhi. Shosho akamjazia stroberi. Mtoto akanigeukia: "Mami, huyu hajui kubariki!"

Mama, tangu tuondoke hajakutaja hata siku moja. Nilikuwa naogopa amekusahau, kumbe mikono inakukumbuka. Stroberi tumemaliza, na bado ananionyesha viganja.

Desemba mwanao akimaliza kazi yake ya kupika huko melini, tutakuja. Kabla hata ya chai, Nyambura atakukingia mikono.

Huyo mwanao ananiita pale kwa ngazi: "Mama Nyambura, utaachwa na meli!" Jifunike vizuri, Mama. Siku hiyo nitakuwa nyuma ya mtoto, nimekinga yangu pia, maana hata mimi nimezikosa baraka zako.