Kikao Chako na Fangasi wa Ilyasi

Nyamirambo, Kigali

Shemeji Sharif,

Assalaam alaykum. Natumai hujambo, na ile sukari unayoikumbuka kila unapoombwa msaada imetulia. Sisi huku tunapumua, ingawa ndugu yako anapumua kwa oksijeni. Nimechagua barua kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize sentensi.

Nasikia huko kwenu Kabuga nzima inajua kwamba Ilyasi anapimwa DNA. Jirani yako Habimana alikuja wodini kusalimia, akaokota neno hilo moja akakuletea mbio, nawe ukaamua papo hapo kwamba ndugu yako anataka kujua kama Uwineza ni mwanawe. Tangu binti huyu azaliwe unasema pua yake si ya kwenu. Basi umeita kikao cha ukoo Jumapili. Kuuliza si ujinga, shemeji, lakini wewe hujawahi kuuliza kitu.

Nikueleze polepole. Tangu apandikizwe figo, Ilyasi anameza dawa za kushusha kinga ili mwili usiikatae. Kinga ikishuka, magonjwa hayapigi hodi. Fangasi wamemwingia mapafuni, na usicheke, si wale wa vidole vyako vya miguu. Daktari Mugenzi alisema kumpitishia mpira kifuani wakate kipande cha pafu kungeweza kumuua, hivyo alitaka damu tu, maabara itafute ndani yake DNA ya fangasi wenyewe, wajue ni wa aina gani na dawa ipi itawaweza. Ya fangasi, shemeji. Hata wao wana ukoo, na hawakukuita kikaoni.

Lakini ulikwisha kumtumia mgonjwa ujumbe kwamba sasa ukweli wa binti utajulikana. Ilyasi akaficha mkono chini ya blanketi. Alimwambia muuguzi kwamba hatoi damu, kwamba mtoto aliyemlea hapimwi kama nyama buchani. Alikuwa anakohoa damu huku akikataa kuitoa. Nilikwenda kulia nje, nikikulaani. Uwineza ndiye aliyeketi kitandani kwake akamweleza mpaka akanyoosha mkono. Majibu yalipotoka fangasi wakajulikana, dawa ikabadilishwa, homa ikaanza kushuka. Jana aliomba uji.

Sasa lile tulilowaficha. Tuliwaambia figo ilitoka kwa mtu wa India asiyetaka kutajwa. Tulidanganya, na Uwineza ndiye aliyetuomba, kwa kuwa bado hajaolewa na anazijua familia kama yako: zikija kuposa, humkagua binti kama mbuzi wa mnadani. Uliombwa wewe kwanza, ukakumbuka sukari. Yeye hakuombwa. Alikwenda kupimwa mwenyewe, akafaa, akatoa figo yake. Amenipa ruhusa nikuandikie haya.

Kama ni damu ya Ilyasi au si damu yake, sikuambii, hustahili.

Kikao kisiahirishwe. Uwineza atakuja amevaa gauni aliloshonewa na baba yake, akae mbele yako, nawe umwambie machoni, wazee wakisikia, kwamba si wa kwenu. Ilyasi utamwia radhi kwa kutofika. Yuko wodini, anakojoa vizuri kwa figo ya mwanawe.

Msalimie mkeo Scovia, sina neno naye. Mungu akupe afya, na haya kidogo.

Ni mimi,
Mama Uwineza