Tangi la Samaki la Baba

Jumatatu, 3 Machi

Balaa! Konokono mdogo kama kifungo cha shati kaziba bomba la kushushia maji la tangi, pampu haikujali, ikaendelea kuyapandisha, maji yamefurika sebule nzima. Mwenye nyumba anakaa chini yetu. Dari lake limelowa, godoro limelowa, na maneno aliyonipa — siyaandiki. Kwa ufupi: tone moja tena, tangi linatoka.

Mama alisikia yote. Tangu Baba afariki anashinda mbele ya hilo tangi lake. Kaka kwenye simu: wakaange hao samaki, yaishe. Yeye yuko mbali, na ulimi hauna mfupa.

Jumatano, 5 Machi

Fundi bomba kaja. Kaitazama kazi ya Baba, kacheka. Bomba moja tu, linavuta maji na hewa pamoja, ndiyo maana miaka yote linagugumia. Anataka mawili, yote yashuke kwenye tangi dogo lililo chini kabatini, pampu irudishe maji juu. La kwanza lina koki: ukiibana kiasi, bomba linajaa maji matupu, kimya. La pili ni la akiba, mdomo wake uko juu zaidi, linakaa kavu. La kwanza likiziba, maji yanapanda na kuangukia la pili kwa kishindo.

"Hizo kelele ndiyo kengele yako, dada."

Na la akiba nalo likiziba?

"Hapo hama."

Mshenzi! Lakini nilicheka. Sikuwa nimecheka siku nyingi.

Jumamosi, 8 Machi

Imekwisha. Mdomo wa bomba la koki umevalishwa wavu, konokono wakatafute kazi nyingine. Nimebana koki kidogo kidogo, nimesikiliza, nimelegeza, nimebana tena. Kimya! Hata friji inasikika. Mwenye nyumba kapanda kukagua, kaondoka bila kugomba. Nimejipongeza kwa chai.

Jumanne, 11 Machi

Mama halali. Macho mekundu, chakula anakichezea. Chumba chake kimegusana ukuta na tangi, nikadhani sasa atapata usingizi. Wapi! Anasema nyumba imekuwa kubwa.

Alhamisi, 13 Machi

Narudi kazini, kishindo nakisikia toka ngazini. Koki imefungwa kabisa! Maji yote yanapita bomba la akiba, na nyuma yake hakuna lingine. Mwenye nyumba anagonga dari kwa mpini wa fagio. Mama katulia kitini, mikono mapajani.

Nikamfokea. Mama yangu mzazi, nimemfokea kama mtoto. Unataka tufukuzwe?

Akasema: "Humsikii?"

Nani?

"Baba yako. Alikuwa anakoroma hivi hivi. Alipoondoka alikuwa bado yupo ukutani. Wewe ndiye umemnyamazisha."

Nilifungua koki bila kumtazama. Tangu hapo hatujasemeshana. Nina hasira, na nina haya.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa nafua, nikasikia kishindo, nikaja mbio na povu mikononi. Kafunga tena. Nilikuwa na maneno yangu tayari.

Amelala! Kitini, kichwa upande, mdomo wazi. Usingizi wa kweli, na yeye anakoroma. Uso umelegea, kama wa zamani.

Nimeketi sakafuni na daftari, koki iko karibu na mkono wangu. Sijaigusa: kelele zikikoma, ataamka. Jani limekatika kwenye mmea wa tangi, linaelea kuelekea mdomo wa bomba la akiba. Pana, laini. Nikiingiza mkono nitalitoa, lakini yapo mengine nyuma yake, na siwezi kukaa hapa maisha yangu yote kuokota majani.

Mwenye nyumba anapanda ngazi. Namjua kwa kandambili zake. Anagonga mlango, anauliza kuna nini huko ndani.

Nimelitoa jani la kwanza. Anagonga tena. Mama kageuza kichwa, hajaamka. La pili hilo linakuja.