Pumzi Baada ya Om

Mzee,

Shikamoo huko uliko. Marahaba yako nitaisubiri, sina haraka ya kuifuata.

Mashine yetu ya kusaga hapa Mugumu bado inafanya kazi, ila siku hizi nafungua mlango shingo upande. Mpwa wako aliyekuja kutoka Mwanza kuirithi ametundika spika juu ya picha yako. Inaimba Om, lile neno lenu takatifu la Kihindu, kutwa nzima, sauti ya mtu asiyemeza mate, na kati ya Om na Om inatangaza: "Sembe! Dona! Pumba za kuku, karibuni!" Ilipofika kwenye pumba, Mzee, niliinamisha macho mbele ya picha yako.

Wewe ulikuwa unavua viatu, unagonga kengele yako ya shaba, unaita Om moja tu, ndefu, kutoka tumboni mpaka midomo inajifunga. Halafu kimya. Ndipo unaniambia, "Washa."

Mwanzoni Mama Bhoke wa Morotonga alicheka: "Mhindi ananguruma kuliko mashine yake!" Ukamwambia dunia ilianza kwa sauti hiyo. Akajibu kwamba ya kwao ilianza kwa udongo, na mahindi yake yanasubiri. Lakini baadaye ni yeye aliyekuwa anawakemea wenzake wasitue madebe kabla hujavuta pumzi. Ulinifundisha kwamba kile kimya nacho ni Om, tena ndiyo kubwa. Mimi Msabato nikakubali, bila kuhama kanisa.

Spika haina kimya. Nilimwambia mpwa wako. Akasema, "Om nyingi, baraka nyingi," kama anapima kilo. Na Mama Bhoke akaziba masikio: "Mura, kijana wangu, huyu anayeimba hapumui. Anaumwa?" Akahamia mashine ya jirani. Wenzake wanamfuata mmoja mmoja. Mzee, nyumba yako inakufa kwa kelele za ibada yako mwenyewe.

Swichi kuu bado naishika mimi. Leo asubuhi nikaizima. Spika ikakatika kwenye "pumba". Mpwa wako akafoka, "Nani kazima?" Om sikuita, si yangu, sikupewa. Nilisimama tu, nikavuta pumzi moja. Mama Bhoke alikuwa anapita na debe kichwani kwenda kwa jirani. Akasimama mlangoni. Hakulitua, kama enzi zako.

Kisha nikawasha.

Nenda salama, Mzee wangu. Kesho nitazima tena, na keshokutwa. Akinifukuza, pumzi hiyo nitaondoka nayo. Hiyo hawezi kuitundika ukutani.